Saa za barabara hakuna anayezihesabu

Ukitoka Lubumbashi kwa barabara ya Kipushi, ao ya Kasenga, ao ya Likasi, zamani kidogo tu ulikuwa unaingia mu pori. Leo ni matofali, mabati, kinu cha unga, kanisa, kisha tena matofali. Ni komini ya Annexe, inazunguka mji sawa pete. Sisi watu wa mine njo tunakaa kule.

Wazee wetu hawakukaa vile. Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilitaka mfanyakazi akae na bibi na watoto, ikajenga kampi karibu na kazi. Sirena inalia, baba anatembea kwa miguu, anafika. Hatusemi kampi ilikuwa paradizo, hata mgeni aliyelala kwako wakubwa walimjua. Lakini njia ilikuwa fupi. Gécamines iliendelea na zile nyumba mpaka ilipolegea, na tangu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kwa ile depar volonteri. Kampuni nyingi zilizokuja nyuma hazijengi kampi ya familia. Zinatia makuta ya nyumba mu mshahara, basi. Yale makuta njo yanatuchagulia mahali: mu mji hayatoshi kupanga, kule Annexe yanatosha kununua parseli polepole.

Na parseli yenyewe ina mambo. Karatasi ya chefu haitoshi. Sheria ya 1973 inasema udongo ni wa Serikali, na karatasi yenye nguvu ni sertifika inayotoka kwa konservateri. Wenzetu wamoja walifika na matofali yao wakakuta mtu mwingine amekwisha kuchimba msingi palepale. Mbele ya kulipa, pitieni kwanza ku kadastri.

Lakini kinachotuumiza zaidi ni njia. Bisi ya kazi haiingii mu kartie, inasimama pa godro. Tulipima saa pamoja na mwenzetu mmoja wa ekipi ya asubuhi: toka mlango wake mpaka godro, dakika 40 mu giza, wakati wa mvua matope tupu. Kisha saa moja na nusu mu bisi. Kurudi ni vilevile. Ni saa 4 na dakika 20 kila siku. Kwa siku 6 ni saa 26. Kodi ya kazi ya 2002 inaweka saa 45 kwa juma, lakini inahesabu tangu mtu anapofika pa kazi. Zile 26 ni zawadi yetu kwa kampuni.

Huyu mwenzetu anaendesha kamioni kubwa ya mawe. Siku akisinzia, raporo itaandika: hakuangalia vizuri. Mu ile raporo hakuna mstari wa kuandika aliamka saa ngapi. Na bamama banasema, batoto banamuona baba yabo siku ya Mungu tu, naye analala.

Tunataka vitu viwili: bisi iingie mpaka ndani ya kartie, na saa ya kuamka iandikwe mu kila raporo ya aksida. Juma hili delege wa kila ekipi atapita na daftari. Mwambieni saa ya kutoka nyumbani na saa ya kurudi, ekipi ya usiku pia. Baba akiwa amelala, mama aseme kwa ajili yake, yeye njo anajua mlango ulifunguliwa saa ngapi.