Jaji Chande na ushahidi wa wachoma mkaa wa Ndola

Ndugu zetu wa Ikola na Karema mnalijua ziwa lenu, na mnajua kuwa ng'ambo yake ni Kongo. Usiku wa tarehe 17 Septemba 1961, Tanganyika ikiwa haijapata uhuru, ndege ya Umoja wa Mataifa ilikwepa anga la Katanga, ikazunguka hadi upande wa Ziwa Tanganyika, kisha ikashika kusini kuelekea Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Ndani alikuwamo Katibu Mkuu wa umoja huo, Dag Hammarskjöld, akienda kuonana na Moise Tshombe ili vita visimame. Ndege ilianguka msituni karibu na Ndola. Walikuwamo watu 16. Mmoja tu alikutwa hai, naye akafariki siku chache baadaye.

Tumeanzia hapa habari ya Jaji Mohamed Chande Othman kwa sababu shauri hili, kwa maoni yetu, linaonyesha kazi ya jaji kuliko vyeo vyake. Vyeo vyenyewe ni vingi: aliongoza waendesha mashtaka katika Mahakama ya Rwanda pale Arusha, akawa mwendesha mashtaka mkuu wa Umoja wa Mataifa huko Timor Mashariki, Jaji wa Mahakama Kuu mwaka 2004, wa Rufani mwaka 2008, kisha Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia mwisho wa 2010 hadi alipostaafu Januari 2017.

Turudi Ndola. Tume ya serikali ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, iliyoongozwa na Jaji Mkuu wa Shirikisho hilo, ilisema mwaka 1962 kuwa kosa ni la rubani. Lakini wachoma mkaa na wanakijiji waliokuwa karibu na pale walieleza mengine: kwamba waliona ndege zaidi ya moja, au moto angani kabla ya kuanguka. Walikuwa Waafrika maskini, na maneno yao mengi yaliwekwa kando.

Mwaka 2015 Jaji Chande aliongoza jopo la watu watatu lililoufungua upya ushahidi huo na kuupima kipande kwa kipande: usio na uzito, dhaifu, wa wastani, wenye nguvu. Kusikiliza si kukubali kila kitu. Dai kwamba Hammarskjöld aliuawa baada ya kunusurika ajali jopo lililikataa. Ila wachoma mkaa, safari hii, walipimwa kama mashahidi. Mwaka 2017, akiendelea na kazi hiyo peke yake, aliandika kuwa inawezekana ndege ilishambuliwa au kutishwa kutoka nje. Hakusema imethibitika.

Wasomaji wetu watakumbuka hapa Sayyidna Ali (r.a.) alipotumwa Yemen kuhukumu naye akiwa kijana. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza asikate shauri mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Wanazuoni wameifanya hii kuwa adabu ya kadhi.

Huku nyumbani, Januari 2023, Rais Samia alimpa Jaji Chande uenyekiti wa tume ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, wakiwamo polisi na magereza. Ripoti ilikabidhiwa Julai mwaka huohuo.

La Ndola halijafungwa. Katika ripoti zake alizitaja Marekani, Uingereza na Afrika Kusini kuwa huenda zinashikilia nyaraka ambazo hazijatolewa.