Kiwanja cha Watu Wawili

Twapenda leo kusema na wafanyakazi walionunua ardhi kwa fedha za watu wawili, na hasa wale ambao siku hizi hawasemezani.

Tuchukue mfano. Ndugu wawili, wafanyakazi wa bandarini Mombasa, walinunua kiwanja Likoni mwaka 1998, wakaandikishwa kuwa wamiliki wa pamoja. Baadaye wakakosana. Wazee wakaketi, ikakubaliwa kila mmoja apate nusu yake, ua ukajengwa katikati, watu wakanywa chai wakaondoka. Hapana aliyekwenda kwa Msajili wa Ardhi. Kisha yule mkubwa akafariki dunia, na mjane wake alipouliza habari za nusu ya mumewe, alionyeshwa kwamba mwenye kiwanja chote sasa ni shemeji yake.

Je, ameibiwa? Kwa maandishi ya sheria, la. Umiliki wa pamoja hauna hisa. Mmoja akifa, haki yake huwaangukia wenziwe walio hai, wala haiingii katika urithi. Na angali hai hawezi kumhamishia mtu wa nje. Sheria ya Kenya ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 yasema hayo waziwazi katika kifungu cha 91. Kifungu hicho hicho chaonyesha mlango wa kutokea: wenye mali watie sahihi hati ya kuuvunja umoja wao, isajiliwe, na kila mmoja awe na hisa sawa na mwenziwe. Tangu hapo hisa hurithiwa, na mwenye hisa aweza kumwomba Msajili aigawe ardhi hata kama mwenziwe hataki. Ardhi isiyogawanyika, Mahakama yaweza kuamuru iuzwe.

Mjane yule aweza kushtaki, akawataja wazee na ule ua. Lakini atakuwa akitafuta kwa mashahidi, ambao wengine wamekwisha kufa, jambo ambalo karatasi moja ingalilimaliza.

Hata hivyo, sisi tuna neno na sheria yenyewe. Mlango huo wataka mikono miwili kuufungua. Hati ni lazima itiwe sahihi na wote. Na yule kijana mwenye afya, ajuaye kwamba mwenziwe ni mgonjwa, ana haja gani ya kutia sahihi? Hukaa kimya, akangoja. Uingereza, ambako umiliki wa namna hii ulitoka, sheria ya mwaka 1925 humruhusu mmoja peke yake kuzitenga haki zao kwa kumpelekea mwenziwe taarifa ya maandishi. Hatuoni kwa nini mfanyakazi wa Changamwe anyimwe njia hiyo, na Wabunge wetu twawaomba walitazame jambo hili.

Ni kweli kwamba tangu 2012 umiliki mpya wa pamoja ni wa mume na mke tu, isipokuwa kwa idhini ya Mahakama. Lakini hati za zamani zingalimo masandukuni. Aliye nayo aitoe leo aisome, na kama ndugu yake angali anaitikia salamu, wafuatane kwa Msajili wiki hii.