Kuhesabiwa si kuandikishwa: daftari la ulemavu kijijini

Sensa ya mwaka 2002 ilisema watu wenye ulemavu Tanzania walikuwa asilimia 2 ya watu wote. Miaka sita baadaye, utafiti wa taifa wa ulemavu wa mwaka 2008 ukaja na asilimia 7.8 kwa watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi. Sensa ya 2022 ikatoa asilimia 11.2 kwa umri huohuo, yaani zaidi ya watu milioni 5. Anayezisoma namba hizi harakaharaka anaweza kudhani nchi imekumbwa na janga. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo imetokana na swali.

Zamani karani wa sensa alikuwa akiuliza kama katika kaya yumo mlemavu, na wa aina gani. Ukimuuliza hivyo mzee wa kaya katika bonde la Rukwa, atamtaja kijana anayetambaa au binti asiyeona. Mama yake mwenyewe, ambaye mtoto wa nyumbani ndiye humshika mkono kwenda msalani, hamtaji, kwa kuwa yeye kwake ni mzee tu. Siku hizi maswali yanafuata utaratibu uliokubaliwa kimataifa: je, unapata shida kuona, hata ukivaa miwani? Kusikia? Kutembea au kupanda ngazi? Kukumbuka? Kujihudumia, kama kuoga na kuvaa? Kuwasiliana na wenzako? Kila swali lina majibu manne, kuanzia "sipati shida" hadi "siwezi kabisa". Mama yule, aliyekuwa nje ya hesabu ya 2002, sasa anaonekana.

Lakini asilimia ile ya 2022 ni ya kuanzia umri wa miaka 7, na hapo pana jambo linalonisumbua. Mtoto wa miaka mitatu ambaye shingo haijakaza hayumo humo. Kama wazazi wanamficha ndani kwa aibu, au kwa hofu ya maneno ya majirani, huenda hakuna karatasi yoyote ya Serikali inayojua kwamba yupo, ilhali huo ndio umri ambao mazoezi ya viungo na kipimo cha usikivu vingemsaidia zaidi.

Kwa waliohesabiwa nao, kuna kosa ninalokutana nalo mara nyingi. Mtu anasema, "Mimi sensa walinihesabu, mbona sijapata kitu?" Taarifa za sensa ni siri kisheria. Jina lako halitoki kwenye kishikwambi cha karani likaenda kwa afisa ustawi wa jamii. Kilichobaki ni namba inayosaidia kupanga bajeti ya mkoa na halmashauri. Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kugawa Mbeya, ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1.3 katika sensa ya 2022, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeandikishwa kupata huduma kwa kuhesabiwa tu.

Kinachokuingiza katika huduma ni daftari la kijiji. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, imezipa serikali za mitaa wajibu wa kulinda haki za watu hawa, na imeweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa hadi mkoa. Katika kata kama Galula, mlango wa kwanza ni mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji wa kijiji, kisha kata. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya yuko Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, na nauli ya bodaboda au basi kwa anayetembelea magongo pamoja na msindikizaji wake si jambo dogo. Kwa hiyo jina liandikwe kijijini kwanza. Safari ya Mkwajuni iwe ya kukamilisha jambo ambalo tayari lina barua ya mtendaji.

Hebu tupige hesabu ya kijiji cha kufikirika. Kikiwa na watu 2,000 wenye umri wa miaka 7 na zaidi, wastani wa kitaifa wa asilimia 11.2 ungetupa watu 224. Tuseme daftari la mtendaji lina majina 30. Wale 194 si lazima wote wawe wanahitaji msaada, maana wengine wanapata shida kidogo ya kuona na miwani ingewatosha. Lakini pengo la namna hiyo linatosha kumtaka mtendaji apite nyumba kwa nyumba. Halmashauri hupanga kwa majina iliyoletewa. Kijiji kilichopeleka majina 30 hakiwezi kutegemea baiskeli za magurudumu matatu, mafuta ya ngozi kwa wenye ualbino au kliniki ya macho ya watu 200.

Sasa tuje kwenye fedha, ambako matumaini mengi huvunjika. Tanzania Bara hakuna posho ya kila mwezi anayolipwa kila mtu mwenye ulemavu kwa sababu ya ulemavu wake. Kenya wana Inua Jamii, inayowalipa wenye ulemavu mkali katika kaya maskini shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Zanzibar wana pensheni jamii tangu 2016, lakini hiyo ni ya wazee wa miaka 70 na zaidi. Akija mtu Galula akisema anaandikisha "hela za walemavu" na anataka kiingilio, huyo ni tapeli, na mtendaji aambiwe siku hiyohiyo.

Kilichopo ni Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF. Kipindi cha pili cha mpango wa kunusuru kaya maskini, kilichozinduliwa Februari 2020, kiliongeza ruzuku kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu. Hakuna fomu ya kuomba ofisini. Kaya hutajwa kwenye mkutano wa kijiji wakati wa utambuzi, kisha huhakikiwa. Asiyekuwepo wala kuwa na wa kumsemea anaachwa, na mara nyingi asiyekuwepo ni yule asiyeweza kutembea hadi uwanja wa mkutano. Wanaomtunza wahudhurie na wamtaje.

Kuna pia mikopo ya halmashauri. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Haina riba, lakini hurejeshwa. Nasisitiza hilo kwa sababu nimeona watu wakiipokea kama sadaka, kisha kikundi kizima kikafungiwa njia. Afisa maendeleo ya jamii atataka usajili wa kikundi, katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi. Andiko si lazima liwe refu. Kikundi cha ufugaji wa kuku kinachojua bei ya vifaranga, chakula na soko la Mbalizi kimeshamaliza nusu ya kazi.

Kundi la mwisho ni waliopata ulemavu kazini. Wilaya hii ya Songwe ina dhahabu, na mikono mingi imesagwa kwenye makrasha, yaani mashine za kusaga mawe, au kuvunjikia ndani ya maduara, mashimo ya wachimbaji. Aliyekuwa ameajiriwa ana haki ya fidia kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaochangiwa na mwajiri peke yake. Mfuko huu hauko kwa ajili ya migodi mikubwa tu. Taarifa ya ajali ipelekwe ndani ya miezi 12. Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia: hadi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, zaidi ya hapo ni pensheni ya kila mwezi. Tunza cheti cha hospitali cha siku ya ajali, majina ya mashahidi na chochote kinachoonyesha ulikuwa kazini kwa fulani, hata kama ni ujumbe wa malipo kwenye simu. Mwenye duara akikupa shilingi laki mbili na kukuomba mambo yaishe, usiweke kidole gumba kwenye karatasi ambayo hujasomewa.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Wana Galula, katika mkutano ujao muulizeni mtendaji daftari lina majina mangapi kwa kila kitongoji. Idadi isomwe hadharani, majina yabaki ofisini. Kitongoji kitakachosomwa kuwa na sifuri, mwenyekiti wake apewe wiki mbili kupita nyumba kwa nyumba akiuliza yale maswali sita, na aulizie na watoto wa chini ya miaka 7.