Osaka kwa Mfuko wa Kibarua: Siku Tano Peke Yangu

Nianze na hela, maana najua ndicho ulichokuja kusoma. Siku tano Osaka, Japani, nilitumia yeni 27,800. Siku zile yeni 100 ilikuwa kama dirham mbili na nusu, kwa hiyo piga hesabu, ni kama dirham 695 za kulala, kula, treni na kuoga. Tiketi ya kwenda na kurudi kutoka Dubai iko nje ya hesabu hiyo, na ndiyo iliyouma: ilipita mara tatu ya matumizi yote. Niliiwekea dirham 150 kila mwezi kwa miezi ishirini, kwenye akaunti ya pembeni, mbali na hela ya nyumbani. Mama hakukosa hata mwezi mmoja. Nasema mapema kwa sababu kuna watu watauliza, na wana haki ya kuuliza.

Kwa nini Osaka na si Tokyo? Kwa ajili ya kitanda. Ukitua uwanja wa Kansai, ambao wenyewe uko juu ya kisiwa kilichojazwa na mikono ya watu, panda treni ya kawaida ya Nankai, siyo ile ya haraka yenye nyongeza ya nauli. Hulipi hata yeni 1,000, na baada ya robo tatu ya saa hivi unashuka Shin-Imamiya. Tokea upande wa kusini. Hapo gesti zimepangana. Changu kilikuwa chumba cha mikeka mitatu ya tatami, kama mita tano za mraba, godoro la kukunja, televisheni ndogo, choo na bafu vya pamoja. Yeni 2,500 kwa usiku. Bei hupanda msimu wa maua ya sakura na sikukuu zao za mwanzo wa Mei, kwa hiyo epuka nyakati hizo.

Swali ni kwa nini vyumba vile ni rahisi katikati ya jiji ghali namna ile. Jibu lake linatuhusu sisi.

Mtaa ule wenyeji wanauita Kamagasaki. Serikali iliubandika jina la Airin mwaka 1966, baada ya ghasia kubwa za vibarua zilizoanza 1961. Ulikuwa soko la vibarua wa siku: alfajiri magari ya makandarasi yanakuja, nyapara anachagua, ukiachwa umeachwa. Mwaka 1970 Osaka iliandaa Maonyesho ya Dunia, watu takriban milioni 64 wakaingia, na waliomwaga zege ile wengi walikuwa vijana wa kutoka mikoa ya mbali, Kyushu na Okinawa, wakilala kwenye vijumba vile vile. Gesti hizo waliziita doya. Ni neno la Kijapani la malazi, yado, lililogeuzwa kichwa chini, kana kwamba mahali pale hapastahili jina lenyewe. Miaka ya 1990 uchumi ulipoanguka, kazi zikakauka na wale vijana wakawa wazee. Doya nyingi sasa ni makazi ya wazee wanaoishi kwa msaada wa serikali. Nyingine zimepakwa rangi na kuwekwa intaneti, ndimo tunamolala wageni.

Usiku wa pili nilikwenda bafu la umma, sento, yeni 500 na kitu. Ni uchi, ndugu yangu. Wanaume kwao, wanawake kwao, lakini uchi. Mimi mtoto wa Tanga niliyefundishwa kujifunga kikoi hata nikiwa peke yangu bafuni, nilisimama pale mlangoni nikijifanya nasoma bango nisilolielewa. Mwishowe niliingia. Unakaa kwenye kigoda, unajisugua na kujisuuza mpaka utakate kabisa, ndipo unaingia kwenye maji ya moto. Kitaulo chako hakiguswi na maji yale. Wengi wanakiweka kichwani.

Nilipotoka, mzee mmoja alikuwa ukumbini anakunywa maziwa ya kahawa kwenye chupa. Aliangalia viganja vyangu, akaangalia bega langu lenye kovu la bomba, akasema, "Tobi?" Tobi ni fundi skafoldi. Ndiyo kazi yangu, na ilikuwa yake. Tukakaa saa nzima tukipitishiana simu yenye programu ya kutafsiri.

Alitoka Kagoshima akiwa na miaka kumi na tisa, akaja kujenga yale maonyesho ya 1970. Alituma hela kwa mama yake mpaka mama alipofariki, akaendelea kwa kaka yake, nyumba ikajengwa, ikawa ya kaka. Akanieleza habari za kijitabu cheupe. Kibarua wa siku alikuwa anagongewa muhuri kila siku ya kazi. Akifikisha mihuri 26 kwa miezi miwili, siku atakazokosa kazi analipwa hadi yeni 7,500. Kilimsaidia sana, akasema, lakini ni hela ya kesho, siyo ya uzeeni. Sasa anaishi chumba cha mikeka mitatu. Kama changu, ila yeye hana tiketi ya kurudi. Nilimuuliza kwa nini hakurudi Kagoshima. Aliisoma ile tafsiri mara mbili, akaniuliza kama Dubai kuna joto.

Sasa chakula. Kaskazini ya stesheni kuna Shinsekai, chini ya mnara wa Tsutenkaku uliojengwa upya mwaka 1956. Pale wanauza kushikatsu, mishikaki iliyovingirishwa unga na kukaangwa, chakula kilichoanza kwa ajili ya vibarua. Sheria yake ni moja: mchuzi ni wa wote, usichovye mara mbili. Tangu korona maduka mengi yameweka chupa. Muislamu aangalie, mafuta ya kukaangia mara nyingi ni ya mnyama na nguruwe yumo kwenye sahani za jirani. Mimi niliishi kwa onigiri za samaki, matunda na wali wa supamaketi. Nenda jioni sana: wafanyakazi wanapita wakibandika stika za nusu bei, na akina mama wa Osaka wanasubiri pale pale kwa utulivu wa paka. Ijumaa nilipanda treni hadi msikiti wa Osaka, kule Nishiyodogawa, na huko nikapata biriani.

Treni: kadi ya siku nzima ya metro ilikuwa yeni 820, wikiendi 620. Kwenye ngazi za umeme simama kulia, tofauti na Tokyo. Bakshishi haipo, ukiacha hela mezani watakukimbilia kukurudishia. Na wale wazee wa Kamagasaki, wanaokaa bustani ya pembetatu kutazama televisheni ya pamoja, usiwapige picha. Hata sisi kule kambini hatupendi.

Dada zangu mnaofanya kazi za ndani: gesti nyingine za Airin hupokea wanaume tu, kwa hiyo tafuteni bweni la wanawake, Namba yapo. Jambo kubwa kwenu ni pasi, lazima iwe mkononi mwako. Visa inaombwa katika nchi unakoishi kihalali, na watataka barua ya mwajiri, taarifa ya benki na mpango wa safari. Usiitie benki hela ya kukopa ili ionekane nene. Na wakala akikwambia visa ya matembezi utapatia kazi ukishafika, mkimbie. Visa ile hairuhusu kazi hata ya siku moja.

Siku ya mwisho nilinunua jika-tabi, vile viatu vya raba vyenye kidole gumba mbali, wanavyovaa mafundi wa kule. Yule mwanzilishi wa Bridgestone aliuza viatu hivi kabla hajagusa tairi. Yeni 2,000 na kidogo, sikuviweka kwenye hesabu ya juu.

Niliporudi, akaunti ya dirham 150 sikuifunga. Nimeipandisha iwe 250, nikampigia mama. Nikamwambia kiwanja cha pili kule Pongwe kitaandikwa jina langu, siyo la kaka. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Umeota nini huko?"