Vitufe vya Kikokotoo cha Kisayansi na Umuhimu wa Istilahi

Katika Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanzishwa mwaka 1963, masomo ya sayansi hutolewa kwa Kifaransa. Sokoni na majumbani husikika Kiswahili na Kilingala, ilhali vitufe vya kikokotoo cha kisayansi, yaani mashine ndogo ya kuhesabia, huwa na vifupisho vyenye asili ya Kiingereza na Kilatini. Makala haya yanakusudia kueleza kazi za baadhi ya vitufe hivyo, na kuonyesha kwamba istilahi iliyo wazi humwepusha mtumiaji na makosa.

Kundi la kwanza ni la vipeo na vipeuo. Kitufe chenye alama x² huzidisha namba kwa namba hiyohiyo. Chenye alama √ hufanya kinyume chake, yaani hutafuta kipeuo cha pili. Kwa hiyo 9 hutoa 81, na 81 hurejesha 9. Hapa mabano yana uzito. Vikokotoo vingi vikiandikiwa −3² hutoa −9, kwa kuwa kipeo hutangulia alama ya kutoa; vikiandikiwa (−3)² hutoa 9.

Kundi la pili ni la logi. LOG hujibu swali hili: 10 ipewe kipeo gani ili ipatikane namba iliyotajwa? Hivyo basi, logi ya 1000 ni 3. LN huuliza swali hilohilo, ila kizio chake ni e, ambayo ni takriban 2.718, kwa 1000 jibu lake ni takriban 6.908. Anayechanganya vitufe hivi viwili hupata jibu sahihi la swali ambalo hakuulizwa.

Kundi la tatu, ambalo ndilo lenye hatari zaidi, ni la pembe. SIN, COS na TAN ni sini, kosini na tanjenti. Kabla ya kuvitumia, sharti kipimo cha pembe kichaguliwe. DEG hugawanya duara katika nyuzi 360, RAD katika radiani 2π, na GRA katika gradi 400. Kipimo hiki cha mwisho kimetumiwa sana na wapima ardhi wa Ufaransa.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayepima mti katika msitu wa Yangambi, magharibi mwa Kisangani. Amesimama mita 20 kutoka shinani, na pembe ya kutazama kilele ni nyuzi 60. Urefu wa mti juu ya usawa wa macho yake ni 20 × tan 60, yaani mita 34.64. Kikokotoo kikiwa katika radiani, jibu litakuwa mita 6.40, na bila shaka atashtuka. Lakini kikiwa katika gradi, jibu litakuwa mita 27.53. Mti wa kimo hicho upo msituni. Hakuna kitakachomshtua, na kosa la mita saba litaingia daftarini bila kutambuliwa.

Ni dhahiri kwamba lugha inahusika hapa. Maneno “digrii” na “gradi” yanakaribiana kwa sauti, na katika Kifaransa pia majina ya vipimo hivyo viwili yanafanana. Neno “nyuzi” halina utata huo: anayesema “nyuzi 60” hawezi kudhaniwa kuwa amekusudia gradi. Kwa hiyo, istilahi hii yafaa ipendelewe darasani na katika maelezo ya maabara.

Aidha, ipo njia nyepesi ya kukagua mashine kabla ya kazi. Ibonyezwe tanjenti ya 45. Jibu likiwa 1 kamili, kikokotoo kinahesabu kwa nyuzi. Likiwa namba nyingine yoyote, kipimo cha pembe kibadilishwe kwanza. Kikokotoo hutii kitufe kilichobonyezwa, wala hakijui nia ya aliyekibonyeza.