Kinachombakiza muuguzi wodini

Katika familia nyingi za Tanzania, uuguzi huamuliwa sebuleni matokeo ya kidato cha nne yakishatoka. Biolojia na kemia zimepita, ila alama za kuota udaktari hazipo. Shangazi anamaliza mjadala: "Nenda unesi, mwanangu, ajira ipo." Miaka mitatu baadaye binti ana stashahada na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, lakini ajira hana. Zamani mhitimu alipangiwa kituo. Siku hizi anaomba kwa mtandao na kusubiri, huku wodi zikilia upungufu wa watumishi.

Akija kuajiriwa, siku atakayomfokea mgonjwa ataambiwa hana wito, alifuata mshahara tu. Lawama hiyo ni nyepesi mno. Wengi walioingia kwa kukosa kwingine wameipendea kazi humohumo wodini, pale mtoto aliyeletwa na degedege anapofumbua macho na kudai uji. Na wapo walioitamani sare nyeupe tangu shule ya msingi, leo wanatafuta pa kutokea.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, alieleza mwaka 1959 kwamba yanayomridhisha mfanyakazi ni mengine, na yanayomkera ni mengine. Kazi yenyewe na kutambuliwa humridhisha. Malipo duni na usimamizi mbovu humkera. Ndiyo maana muuguzi anaweza kupenda kuuguza na bado akachoshwa na mwajiri. Usiku yuko peke yake na wodi nzima. Glavu zimekwisha, na anayetukanwa na ndugu wa mgonjwa ni yeye. Amejisomesha hadi shahada, lakini bado analipwa kwa muundo wa stashahada.

Kenya waliliona hilo mwaka 2017, wauguzi wa kaunti walipogoma kuanzia Juni hadi Novemba wakidai mkataba wa mishahara na posho utekelezwe. Mwaka 2021 serikali yao ikasaini makubaliano na Uingereza ya kupeleka wahudumu wa afya. Wanaokwenda huko wanaikuta kazi ileile: kumgeuza mgonjwa, kupima presha, kutoa dawa kwa saa zake. Wanachokifuata ni masharti ya kazi. Na soko lipo: mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa dunia ina upungufu wa wauguzi milioni 5.9.

Mishahara itangoja bajeti, lakini mengine yako mikononi mwa hospitali: ratiba ya zamu itoke mapema, likizo isiahirishwe kiholela, na kiongozi atoke ofisini kuwaeleza ndugu kwa nini glavu hakuna. Kila Mei 12, Siku ya Wauguzi, meza kuu husifu moyo wa kujitolea. Mwakani wasome pia majina ya waliopandishwa daraja.