Makala Iwekwe Kwenye MEDIUMTEXT, Picha Zikae Nje

Anayejenga tovuti ya habari kwa MySQL hukutana mapema na uamuzi huu: safuwima ya kubebea makala iwe ya aina gani? Mwandishi atakoleza maneno, ataweka vichwa vidogo na viungo, na kihariri kitayageuza yote kuwa HTML. Aina zinazogombaniwa ni nne: VARCHAR, TEXT, MEDIUMTEXT na LONGTEXT. Mimi nachagua MEDIUMTEXT.

VARCHAR iachie vichwa vya habari na majina. Ingawa inaweza kufika baiti 65,535, kiasi hicho inagawana na safuwima nyingine za safumlalo ileile.

TEXT ndiyo inayowanasa wengi. Nayo hukomea baiti 65,535, na baiti si herufi. Katika UTF-8, Kiswahili cha herufi za Kilatini hutumia baiti moja kwa herufi. Kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, mbili. Alama za kunukuu zilizopinda, tatu. Emoji nyingi, nne au zaidi. Halafu kuna makala zinazonakiliwa kutoka Microsoft Word. Kila aya huweza kuja na class="MsoNormal" pamoja na msururu wa maelekezo ya fonti, mara nyingine mrefu kuliko sentensi yenyewe.

Picha ndiyo balaa kubwa. Mwandishi akiibandika katikati ya makala, baadhi ya vihariri huigeuza kuwa herufi za Base64, ambamo kila baiti 3 huwa herufi 4. Picha ya baiti 49,152, ndogo kuliko picha yoyote ya kawaida ya simu, hutoa herufi 65,536. TEXT imeshazidiwa kabla hata neno la kwanza halijahesabiwa. MySQL iliyo katika hali kali (strict mode), ambayo ndiyo chaguo-msingi tangu toleo la 5.7, itakataa kuhifadhi. Hali hiyo ikizimwa, hukata mkia wa makala na kutoa onyo tu, ambalo programu nyingi hazilisomi. Kilichokatwa hakirudi, na hilo ni kumkosea mwandishi aliyekuamini na kazi yake.

Sasa tazama bei ya kujikinga. TEXT hutumia baiti 2 kuandika urefu wa maandishi, MEDIUMTEXT 3, LONGTEXT 4. Kwa makala milioni moja, kuhama TEXT kwenda MEDIUMTEXT kunaongeza megabaiti moja. Ukichelewa kuhama, MySQL italinakili jedwali zima na kuzuia uandishi hadi imalize, huku chumba cha habari kikisubiri.

LONGTEXT hufika gigabaiti 4, na WordPress huitumia kwa makala zake. Si kosa, ila makala inayozidi megabaiti 16 za MEDIUMTEXT karibu kila mara imebeba picha ndani, na ni heri ikataliwe mlangoni.

Anayetumia PostgreSQL hana mzigo huu: text inamtosha, na varchar haimwongezei kasi. Kihariri kikitoa JSON, kama ProseMirror, aina ya jsonb inafaa.

Vyovyote utakavyochagua, weka picha kama faili na uhifadhi anwani yake tu. Katika MySQL tumia usimbaji wa utf8mb4, kwa kuwa utf8 yake ya zamani haibebi emoji za baiti nne. Na ukurasa wa orodha ya habari usiagize SELECT *: unahitaji vichwa 20, si miili 20 ya makala.